Nakala Saba za Dakika Kumi na Moja

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Sheria inataka anayelitaja awe amesimama wima, mkono kifuani, na mimi naandika nimekaa. Itoshe kusema ni nchi yenye amani kubwa, na amani hiyo ina vifaru mia mbili na arobaini.

Mambo yalianza siku Mkuu wa Daima alipotimiza miaka ishirini na mitano madarakani. Mawaziri, mabalozi na wake wa majenerali walikusanyika katika Ukumbi wa Shukrani kutazama video ya siku aliyotwaa uongozi. Video hiyo ilikuwa kwenye diski moja, ndani ya sanduku la kioo, ikilindwa na askari wanne kwa miaka yote hiyo. Hakuna aliyewahi kuigusa, wala kuiwasha. Ilipochomekwa, skrini ilibaki nyeusi kitambo, kisha yakatokea maandishi meupe: Faili hii haifunguki.

"Nani anasema hivyo?" akauliza Mkuu wa Daima.

Fundi wa ukumbi akapiga magoti. "Ni mashine, Mtukufu. Diski imezeeka."

"Imezeeka? Ina umri sawa na uongozi wangu. Mimi nimezeeka?"

Swali hilo kwetu halina jibu, na fundi hakulitafuta. Mkuu alichomoa bastola akaipiga mashine risasi tatu. Mbili ziliiua mashine. Ya tatu ilipenya ikampata kifuani Naibu Waziri wa Habari, aliyekuwa nyuma ya mashine akipiga makofi. Alizikwa kwa heshima zote, na jiwe la kaburi likaandikwa kwamba alifariki katika ajali ya teknolojia. Fundi naye alizikwa siku hiyo hiyo, ila bila jiwe.

Kesho yake ikatoka Amri ya Kumbukumbu za Milele. Ilikuwa fupi. Taarifa zote za kidijitali za nchi, ziwe za ofisi, za kambi au za nyumbani, zikusanywe na zihifadhiwe miaka elfu moja. Atakayeficha, atakayefuta, au atakayebadilisha hata nukta moja, apigwe risasi. Na kupigwa kwake kurekodiwe, na rekodi hiyo nayo ihifadhiwe miaka elfu moja.

*

Katika nchi nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyesomea utunzaji wa kumbukumbu: Mwasiti Kilongola, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, aliyetumikia ghala la nyaraka nyuma ya posta kwa miaka ishirini na minane akifukuza mchwa. Askari walimkuta nyumbani kwake anamenya viazi. Walimvika gunia kichwani, wakamtupa nyuma ya lori. Kwetu ndivyo watu wanavyoteuliwa kushika vyeo vikubwa. Tofauti ya kuteuliwa na kukamatwa ni kwamba anayeteuliwa huvikwa gunia jipya.

Gunia lilipovuliwa alijikuta mbele ya Waziri wa Kumbukumbu, Brigedia Daktari Chambilecho. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika; aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kufungua kinywa bila kumnukuu Mkuu. Alikuwa mnene, mwenye sauti laini kama ya muuza manukato. Kando yake alisimama msaidizi wake, Kapteni Mkwizu, kijana mrefu aliyembebea mwavuli, miwani na rungu.

"Mama," alisema Waziri, "umeteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Hazina ya Milele. Hongera. Sasa tueleze, tutazifungia wapi hizi diski zisife?"

Mwasiti alikuwa bado na ganda la kiazi kwenye kidole. "Diski zote hufa, Mheshimiwa. Ukiifungia, inafia humo humo kwenye sanduku. Kinachotakiwa ni kuihamisha faili kabla diski haijafa, na kuihamisha tena, na tena. Na iwe na nakala kadhaa, mbalimbali, ili moto ukila moja, nyingine zibaki."

"Nakala ngapi?"

"Tatu zinatosha."

"Tatu ni za nchi maskini. Chambilecho Mkuu wa Daima, heshima haipimwi kwa kijiko. Ziwe saba! Moja kila mkoa, kila moja na kikosi chake cha jeshi." Akainama mbele. "Na tutajuaje kama kuna mtu ameichezea faili?"

"Kila faili hupewa alama yake, kama alama ya kidole. Ukibadilisha hata nukta, alama inakuwa nyingine, mashine inaikataa. Na kila siku saa sita mchana mashine zote saba zinalinganisha nakala. Iliyoharibika au kupotea inarudishwa kutoka kwa wenzake."

Waziri alifurahi. "Alama za vidole nazifahamu. Nimechukua nyingi, hata za wasiopenda."

Mwasiti aliomba msaidizi mmoja tu, Mzee Dihenga, fundi mstaafu wa miaka sitini na minane aliyefanya naye kazi ghalani. Huyo ndiye aliyefunga mashine. Aliweka utaratibu kwamba faili haiwezi kufutwa bila kidole cha mtu aliyesajiliwa: kidole cha Dihenga kingefuta nakala iliyopo pale Hazina peke yake, cha Mkurugenzi kingefuta zote saba kwa mpigo. Tatizo ni kwamba vidole vya Mwasiti vilikuwa vimelainika kwa miaka mingi ya karatasi na dawa ya mchwa. Mashine ilivikataa vyote kumi, kimoja baada ya kingine.

Mzee Dihenga alicheka mpaka akakohoa. "Vua kiatu, mwanangu."

Kwa hiyo Mkurugenzi wa Hazina ya Milele alisajiliwa kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Waliona jambo hilo halina haja ya kutangazwa.

Vituo saba vilijengwa. Kila kikosi kilipewa amri ya kumpiga risasi yeyote atakayekaribia, awe raia, mwanajeshi au mbuzi. Wiki ya kwanza wakaua raia tisa, wanajeshi wawili na mbuzi thelathini na mmoja. Yote yalirekodiwa vizuri.

*

Watu walileta kila kitu. Walileta simu zilizopasuka, video za harusi, picha za ng'ombe, barua za mapenzi ambazo wenyewe walikuwa wanaziomba zipotee. Kambi za jeshi nazo zilileta, maana Amri haikuwa na msamaha kwa mtu, na hakuna ofisa aliyetaka kufa kwa ajili ya diski ambayo hajui ina nini.

Katika sanduku moja la jeshi Mwasiti alikuta faili ya dakika kumi na moja iliyoandikwa "Mazoezi". Ilikuwa ya Soko la Mahindi, miaka sita nyuma.

Msomaji wa nchi yetu anaijua siku hiyo, na anajua pia kwamba haikuwepo. Taarifa ya serikali ilisema watu mia tatu na kumi na wawili waliokuwa sokoni walihamia nchi jirani asubuhi moja bila kuaga. Mmojawapo alikuwa Shomvi Kilongola, mdogo wake Mwasiti, mpima mahindi. Kila mwaka Mwasiti alikwenda Idara ya Uhamiaji kuulizia anwani ya mdogo wake, na kila mwaka walimjibu kwa upole kwamba bado hajaandika.

Sasa alimwona. Dakika ya nne, penseli sikioni, akimgombeza mteja aliyeegemea mzani. Dakika ya tano alitokea kanali mwembamba mwenye redio mkononi, na huyo alikuwa Chambilecho kabla hajanenepa. Akauliza kwenye redio, "Mtukufu, nifanyeje?" Redio ikajibu kwa neno moja ambalo nchi nzima ingeitambua sauti yake: "Fagia." Dakika ya sita askari walianza kufagia. Wauza mahindi waliangukia magunia yao, na magunia yaliyotobolewa yakamwaga mahindi juu yao. Dakika ya saba Shomvi aliinama kumvuta mwanamke aliyelala chini, akapigwa mgongoni, akaanguka kifudifudi juu ya sahani ya mzani. Mshale ukapanda mpaka kilo sabini na moja. Ukabaki hapo.

Mwasiti alizima. Tangu siku hiyo hakuwahi kuitazama kupita dakika ya saba.

Mzee Dihenga alisimama nyuma ya kiti cha Mwasiti, kofia mkononi.

"Sheria inasemaje?" akauliza mzee.

"Inasema ihifadhiwe."

"Basi, mwanangu, sisi ni watu wa sheria."

Wakaipa alama yake. Wakaituma mikoa yote saba.

*

Baada ya miezi sita Waziri alikuja kukagua, na Kapteni Mkwizu nyuma yake. Alitaka kuona sampuli. Akachagua namba kwa kidole, kama mtu anayechagua kuku, na faili ikafunguka. Mwasiti aliitambua kabla ya sekunde ya pili, lakini hakuwa na la kufanya.

Waziri alitazama dakika nne kwa furaha, akisifu soko lilivyo safi. Dakika ya tano alijiona. "Zima," alisema. Sauti yake ilikuwa laini vile vile. "Futa."

"Mheshimiwa, atakayefuta anapigwa risasi. Ni Amri."

"Naijua Amri. Niliipiga chapa mimi." Akamgeukia Mzee Dihenga. "Wewe babu, futa."

"Siwezi, Mheshimiwa. Mkono hautaki."

"Hautaki?" Waziri alionekana kusikitika kweli. "Kapteni, mkono wa babu hautaki. Usaidie."

Kapteni Mkwizu alimpiga mzee rungu la shavu, na meno mawili yakaruka yakagonga kioo cha mashine. Askari wawili wakamlaza juu ya meza. Mkwizu alichukua kisu cha kukatia nyaya, akakata kidole cha shahada kwenye fundo la pili, bila haraka, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Mwasiti alipiga kelele, akamrukia; kitako cha bunduki kikamkuta tumboni, akaenda chini. Akiwa sakafuni aliona kidole kikibonyezwa kwenye mashine. Mashine ikauliza kwa adabu: Je, una uhakika? Kapteni akabonyeza tena.

Imefutwa na Dihenga, ikaandika mashine.

"Loo!" alisema Waziri. "Mzee amefuta kumbukumbu ya taifa."

Wakamtoa uani. Alikuwa amejifunga shati mkononi, damu ikichuruzika mpaka kwenye viatu. Alipopita karibu na Mwasiti alisema, "Mwanangu, usisahau kubadilisha ile diski ya tatu, inalia." Alipigwa risasi nne ukutani kwa mujibu wa Amri. Tukio lilirekodiwa, likapewa alama, likatumwa mikoa saba.

Waziri alikaa kula chakula cha mchana pale pale kwenye chumba cha mashine. Saa sita kamili mashine zikalinganisha nakala. Kengele ndogo ikalia, na Soko la Mahindi likarudi kwenye skrini mbele ya pilau yake.

Wakajaribu tena kidole cha Dihenga. Mashine ikajibu: Mtumishi huyu ni marehemu. Idara ya Utumishi, ambayo huchukua miaka minne kumwingiza mtu kwenye orodha, ilikuwa imemtoa kwa dakika kumi.

"Basi kimebaki cha Mkurugenzi," alisema Waziri. "Kipi, mama?"

Mwasiti alikuwa akitazama ukuta wa uani kupitia dirishani. Wakaanza na mkono wa kulia. Alivikunja vidole, na Kapteni akawa anavikunjua kimoja kimoja kwa nguvu. Kila kimoja kilivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu, kikabonyezwa, na kila mara mashine ilisema: Hatambuliki. Vitano. Wakahamia kushoto. Cha saba alizimia, wakammwagia maji. Cha kumi mashine ilisema vile vile. Waziri aliipiga mashine teke, akamshutumu Mwasiti kwa kuwa mkurugenzi asiye na vidole, jambo alilosema ni utovu wa nidhamu. Haikumjia akilini kwamba binadamu ana vidole ishirini. Katika nchi yetu mawaziri hawatazami chini.

*

Ikabaki njia moja: kulipua mashine zote saba kabla ya saa sita mchana. Waziri aliilipua ya pale kwa mkono wake, akatuma vikosi vyake kwenye vituo sita vya mikoani.

Huko kila kamanda alikuwa na amri ya Mkuu mwenyewe: apigwe risasi yeyote anayekaribia. Wakapiga. Kila kikosi kiliamini kingine kimeasi. Mizinga iliporomosha shule na misikiti, madaraja yaliruka, mito ikabeba magwanda. Redio ya Taifa ilitangaza kwamba zoezi la kuhifadhi kumbukumbu linaendelea vizuri na wananchi wasiogope moshi. Kwa siku tano walikufa watu elfu mbili na zaidi, na vituo vitano vikateketea. Kilibaki kimoja, cha Mkoa wa Tatu, juu ya kilima cha mawe.

Askari wa kilima hicho walipoona wenzao wanakufa hovyo, waliuliza wanachokilinda ni nini. Sajenti mmoja akaifungua. Dakika ya sita alimwona mama yake mzazi, kitambaa cha njano kichwani, akipiga magoti mbele ya minyororo ya kifaru. Alikuwa ameambiwa mama yake yuko nchi jirani, ameolewa. Sajenti alishuka kilimani peke yake, mikono juu, akawapigia kelele waliokuwa wakiwashambulia: "Njooni muone! Njooni muangalie kama na wenu wamo!"

Kwanza walimpiga risasi. Halafu wakapanda kuona.

Baada ya hapo mlio wa bunduki ulinyamaza mkoa mzima.

*

Ukimya huo ulimkasirisha Mkuu wa Daima kuliko vita. Aliagiza nakala iliyobaki iletwe, akaja nayo Hazina ya Milele na msafara wa magari arobaini. Mwasiti alikuwa amefungwa stoo kwa siku tano, mikono imevimba kama maboga. Alifunguliwa aje aiendeshe mashine mpya; alibonyeza kwa kiwiko.

"Ni faili ya uhaini, Mtukufu," alisema Waziri, jasho likimtoka. "Usichafue macho."

"Chambilecho mimi mwenyewe," alisema Mkuu, "weka."

Walitazama. Ilipofika dakika ya tano sauti ikasema "Fagia", na Mkuu akainua mkono video isimamishwe.

"Sauti yangu ilikuwa nzuri siku ile," alisema Mkuu wa Daima. Akafikiri kidogo. "Mama, hii itaonekana baada ya miaka elfu?"

"Ikitunzwa, ndiyo."

"Na mimi nimekaa wapi?"

"Wewe huonekani kwenye picha, Mtukufu. Ni sauti tu."

Mkuu alimgeukia Waziri wake taratibu. "Kwa hiyo miaka elfu ijayo watu watamwona nani? Wewe! Umesimama katikati kabisa, kifua mbele. Amri nimetoa mimi, pichani umekaa wewe."

"Mtukufu, sikujua kuna kamera..."

"Mwizi wa historia!" Risasi ilimwingia Brigedia Daktari Chambilecho chini ya jicho. Alianguka juu ya miguu ya Kapteni Mkwizu, na Kapteni, bila kuambiwa, akasogeza viatu vyake visichafuke, kisha akamfungulia mwavuli Mkuu wa Daima.

"Niongeze kwenye picha," Mkuu alimwambia Mwasiti. "Niwe nimepanda farasi."

"Ukibadilisha nukta moja alama inakufa, mashine inaikataa. Na aliyebadilisha anapigwa risasi. Ni Amri yako, Mtukufu."

Mkuu alifikiri tena, na hapo ndipo alipofanya uamuzi ambao wanahistoria wetu wanauita wa busara: ioneshwe hadharani kama ilivyo, naye asimame kando ya skrini aeleze mwenyewe sauti ni ya nani.

*

Alasiri ya Jumamosi skrini ya uwanja wa mpira ilisimikwa katika Soko la Mahindi. Wananchi tuliletwa kwa malori. Nami nilikuwepo.

"Wananchi wangu!" alinguruma Mkuu. "Nchi nyingine huficha mambo yao. Sisi hatufichi! Maadui wanasema siku ile nilikuwa ng'ambo natibiwa meno, kwamba kazi ilifanywa na wengine. Uongo! Tegeni masikio. Sauti mtakayoisikia ni yangu, halali yangu!"

Tukatazama. Wakati wa "Fagia" Mkuu aliinua kidole, kama mwalimu wa kwaya.

Dakika ya sita sauti ya mwanamke ilipasuka katikati ya umati. "Hamduni! Huyo mwanangu Hamduni!" Alikuwa Bibi Siwema, muuza vitumbua wa pale sokoni. Mwingine akaita, "Baba!" Mwingine akaita jina nisilolijua. Majina yakaanza kutoka kila upande, kumi, hamsini, mia, juu ya mlio wa bunduki za kwenye skrini, na Mkuu wa Daima, akidhani anashangiliwa, alipunga mkono.

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Alichomoa bastola akapiga hovyo. Mtu wa mbele yangu akaanguka, na skrini ikazimika dakika ya saba, mshale wa mzani ukiwa umetulia. Walinzi waliambiwa wafyatue. Wengi wao walikuwa wamerudi kutoka kilimani. Walitazama ardhi.

Mimi nilifumba macho, kama raia mwema. Nilisikia tu: nguo zikichanika, kisha visivyo nguo. Kilichookotwa baadaye kilitosha kwenye karai moja, na kofia.

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba taifa limekombolewa na Kamati ya Ukombozi. Msemaji wa Kamati alikuwa Ndugu Mkwizu. Alikuwa amevua cheo begani, na sauti yake ilitetemeka kwa uchungu alipozungumzia mateso ya wananchi.

*

Mwasiti hakwenda kwenye sherehe. Alitoa nakala sita nyingine, akazipeleka mahali alipojua mwenyewe, akabadilisha diski ya tatu ya mashine mpya, kama Mzee Dihenga alivyomwagiza. Halafu akafungua mlango wa Hazina ya Milele kwa yeyote anayetaka kuingia. Mikono yake ilipona vibaya, vidole vimepinda kama mizizi ya tangawizi, kwa hiyo waliokuja walibonyeza wenyewe.

Walikuja. Wanawake zaidi. Foleni ilianza alfajiri kila siku, na kila mmoja alikaa dakika kumi na moja.

Bibi Siwema alikuja mara nyingi. Mara ya kwanza, dakika ya nne, alishika mkono wa Mwasiti. "Simamisha hapo, mwanangu. Hapo bado anafunga magunia."

Mwasiti alisimamisha kwa kiwiko. Hamduni alibaki na kamba mdomoni, anacheka.

"Huwezi kuikata ikaishia hapa?"

"Siwezi, bibi. Wakija kusema haikutokea, itabidi iwe nzima."

Kikongwe alikaa akimtazama mwanawe. Walio nyuma walingoja, hakuna aliyelalamika. "Basi endelea," alisema mwishowe. "Nilimzaa mpaka mwisho, nitamwangalia mpaka mwisho."

Wiki ya tatu Ndugu Mkwizu alifika na barua ya Kamati. Alipita kando ya foleni, akasalimia kwa kupunga, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, mama. Kwanza pole kwa vidole. Ilikuwa kazi." Akakunjua barua. "Kamati imeamua, kwa ajili ya maridhiano, video iishie dakika ya saba. Kuanzia ya nane mpaka ya kumi na moja iondolewe. Inatonesha vidonda. Taifa linataka kupona."

Mwasiti alikuwa akiuma utepe wa kufungia nyaya, akautema. "Ya nane? Mimi sijawahi kufika huko. Mdogo wangu anaishia dakika ya saba." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku Mzee Dihenga alipolazwa mezani. "Kapteni, kuna nini dakika ya nane?"

Mkwizu aliikunja barua vizuri, akaikunjua tena.

"Kuna yeye," alisema Bibi Siwema kutoka kwenye kiti.

Wanawake wa foleni wakaanza kusogea ndani.

"Kuna yeye," alirudia, bila kupaza sauti. "Anapita kwa waliolala. Anageuza kwa kiatu, anayepumua anammalizia. Hamduni wangu alikuwa anapumua. Ulimi anautoa hivi, pembeni. Nimemtazama mara kumi na nne."

Mkwizu aligeuka. Wanawake wa foleni walikuwa wameshaingia ndani, wengine wamejaa mlangoni, wanamwangalia, na nyuma yao vichwa vingine vilinyanyuka kuona. Nami nilikuwa miongoni mwao, karibu na ngazi. Mkono wake ulishuka kiunoni.

"Mama zangu," alisema, "pisheni njia. Bastola hii ina risasi nane."

Bibi Siwema aliinuka kwenye kiti kwa taabu, akajifunga vizuri khanga yake kiunoni.

"Sisi tunafika mpaka barabarani, mwanangu."